Kipimo cha Keni Kubwa

Leo asubuhi mjukuu wangu alifungua mfuko wa mbolea ya chumvichumvi barazani, na harufu ile kali ikanirudisha Urambo, kwenye vitalu vya tumbaku vya utoto wangu.

Jirani yetu mjane alikuwa mgonjwa, hivyo baba akawa anamwagilia miche yake. Miche yetu aliimwagilia kwa keni kubwa, akikoroga ndani yake boksi moja la kiberiti lililojaa mbolea. Keni ya mjane haikufika nusu ya yetu, lakini baba aliitilia boksi lilelile zima.

"Maji yenyewe haya kidogo, si itakuwa kali?" mama akauliza.

"Kipimo ni kimoja, mama watoto. Unataka nimpunje mgonjwa?"

Miche ya mjane ikaungua yote. Yetu ilistawi.

Jumapili, mjane alipopata nafuu, alisimama kanisani akashukuru. "Jua limeniunguzia miche, lakini Mungu amenipa jirani mwema."

Wakati wa komunyo baba hakuinuka. Baada ya misa alimfuata mjane nje, kofia mkononi, akamwita mama kwa Kinyamwezi.

"Si jua, mayu. Ni mimi. Mbolea ilizidi maji."

Mjane alimtazama. "Sasa mimi nitapanda nini?"

Alasiri hiyohiyo, siku ambayo nyumbani kwetu hatukuwa tukigusa jembe, baba aling'oa nusu ya miche yetu akampelekea. Namshukuru Mungu kwamba niliona. Mwaka uliofuata, tumbaku iliyobaki haikutosha ada, sikurudi shule, na kila nilipomwamkia, baba aliitikia marahaba huku akitazama chini.