Vitufe Vitatu Visivyo na Majina

Kazini walimwita Mwanafunzi. Mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mvi zimeshaanza kuchungulia kidevuni, anaitwa Mwanafunzi na anaitika! Lakini waliompa jina hawakukosea. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za tovuti, ule upande wa mbele ambao mtu anauona na kuubonyeza, na kazi hiyo, jamani, haina adabu. Unajifunza kitu leo, ukigeuka kimeshachakaa. Wenzake walinung'unika. Yeye alijifunza.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla chai haijapoa, kompyuta ilikuwa imeshafunguliwa kwenye meza ya jikoni. Kwanza barua pepe za mafunzo, maana alijiandikisha kwa kila fundi aliyesikia anatoa maarifa. Kisha video. Kisha maelezo rasmi ya zana mpya, yale marefu yasiyo na picha wala huruma. Kilichomvutia alikisoma palepale. Kisichomvutia alikitia katika kikasha alichokipa jina Baadaye, na kikasha hicho kilikuwa na masomo zaidi ya mia tatu. Ukimuuliza atayasoma lini, anacheka. "Elimu haina mwisho, bwana." Sawa, haina mwisho. Lakini wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na yeye hilo hakuwa amejiandikisha nalo popote.

Mama yake alikuwa mshonaji. Miaka thelathini na mitano juu ya cherehani ya kukanyaga, katika chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Kila nguo aliyomaliza aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mishono yote ndipo mteja akabidhiwe. "Nje kila mtu anaona," alimwambia mwanawe tangu akiwa mdogo. "Mshonaji hujulikana kwa ndani." Mtoto alikuwa akiitikia tu ili aachwe akacheze.

Miaka miwili nyuma, presha ya macho ilimla mama jicho la kushoto. La kulia likabaki na uoni wa kuungaunga: mwanga, kivuli, rangi ikiwa kali. Si haba. Kwa jicho hilo mama alijua asubuhi imefika, alijua kitambaa ni chekundu au cheusi, na mwanawe akisimama mlangoni alimtambua kwa kivuli chake kabla hajafungua mdomo. Daktari wa kliniki ya macho aliwaonya wote wawili: likianza kuuma, msilale nalo, njooni upesi, la sivyo nalo litakwenda.

Mwanafunzi akamwekea mama simu inayosoma kwa sauti kila kinachoguswa na kidole. Aliimudu ndani ya siku mbili. Msidhani ule uanafunzi wa mtoto ulitoka kwa jirani.

Sasa sikilizeni. Kliniki ile ile ya macho, foleni ikiwa imewashinda langoni, iliipa kampuni ya Mwanafunzi kazi ya kutengeneza ukurasa wa kuomba miadi. Akaushika yeye. Wiki tatu, kwa zana mpya kabisa aliyokuwa ameisoma mwezi ule ule. Ulikuwa mzuri ukurasa huo, nani abishe? Kalenda iliteleza, rangi zilitulia, na chini palikuwa na vitufe vitatu vya picha tupu bila neno hata moja: alama ya vema, mshale, na pipa la taka. Bosi akapiga makofi. "Safi sana! Hauna kelele." Tangu siku hiyo kliniki haikumpokea mtu asiye na miadi.

Jumamosi moja Mwanafunzi alikuwa kwenye mafunzo ya siku mbili, yale ya kukaa mbele ya kompyuta na kumfuata mwalimu moja kwa moja. Saa nne simu ikalia.

"Mwanangu, jicho linauma."

"Linauma sana, mama?"

Swali gani hilo? Mama gani atakujibu ndiyo, sana? "Si sana," alisema. "Ila na kichwa nacho."

"Mama, niko katikati ya somo. Fungua ule ukurasa wa kliniki, chagua siku ya karibu. Ni rahisi tu, nimeutengeneza mimi mwenyewe."

"Haya, baba."

Mama akafungua. Jina, sawa. Siku, akachagua Jumatatu, sawa. Akateremka mpaka chini. "Kitufe," simu ikasema. Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe." Akarudi juu, akashuka, akarudi tena, huku jicho likimchoma. Vitatu, na vyote vinaitwa kitufe. Basi akafikiri kishonaji: kazi humalizikia mwisho, na uzi hufungwa mwisho. Akabonyeza cha mwisho. Simu ikanyamaza, naye akaona kimya hicho ndicho kukubaliwa.

Jumatatu jirani yake, mama muuza mboga, alimshika mkono hadi kliniki.

"Jina lako halimo, mama," alisema karani wa dirishani. "Nenda ukaombe kwenye ukurasa."

"Niliomba, mwanangu."

"Halimo."

Akarudi nyumbani, akaomba upya, akabonyeza kile kile cha mwisho. Jumatano akaenda tena. Halimo. Jirani akataka kumpigia Mwanafunzi, mama akamkataza. Hapa ndipo panaponiuma mimi. Mama aliona aibu. Mwanawe alisema ni rahisi, na yeye kilichosemwa rahisi kimemshinda; akajiona akili inamwisha. "Usimsumbue," alimwambia jirani. "Yule anasoma. Na wala usiniguse simu, nitaiweza mwenyewe."

Ijumaa Mwanafunzi alipata nafasi akaenda kumjulia hali. Alimkuta mama ameketi kwenye kiti chake, uso umeelekea barabarani. Akasimama mlangoni, akangoja kuitwa jina lake kama siku zote.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mimi, mama."

"Mbona umesimama gizani?"

Ilikuwa saa saba mchana, na mlango ulikuwa wazi.

Alimbeba mgongoni hadi kwenye gari, akapita naye langoni akimsukuma mlinzi, karani akipiga kelele nyuma. Daktari alimulika jicho mara mbili, akazima taa yake, akavuta kiti. "Mshipa wa jicho umekufa," alisema. "Mngekuja Jumatatu tungeliokoa."

"Tulikuja," mama alisema taratibu. "Jumatatu, na Jumatano."

Kwenye benchi la nje Mwanafunzi alimwomba amwonyeshe alivyofanya. Kidole kikongwe kikashuka kwenye kioo cha simu. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Ndiyo kwanza anausikia ukurasa wake mwenyewe. Miezi yote hiyo aliutazama tu.

"Nikabonyeza cha mwisho," mama alisema. "Nisamehe, mwanangu. Sijui nilikosea wapi."

Mama ndiye anayeomba msamaha! Mwanafunzi akamshika mkono, akamwinua. Alimrudisha nyumbani, ukweli akabaki nao yeye.

Kesho yake asubuhi alikaa kwenye ile meza ya jikoni, akafungua kikasha cha Baadaye. Somo alilolitafuta lilikuwemo, tena mara tatu, maana kwa miaka miwili lilimjia mara tatu na mara zote tatu alilisukumia humo. Lilihusu namna ya kutengeneza kurasa zinazotumika na wasioona. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke asiyeona. Video ya dakika kumi na moja. Alikuwa amewahi kumaliza kozi nzima ya saa arobaini juu ya kalenda zinazoteleza, lakini dakika kumi na moja alizikosa. Kabla dakika ya nne haijafika yule mwanamke alisema, "Kitufe cha picha kipe jina. Usipokipa, kwetu sisi ni ukuta." Mwanafunzi aliinamisha kichwa mezani. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na yeye ndiye aliyemwekea kikasha.

Kuvipa vitufe majina, na kuufanya ukurasa utamke kilichofanyika, kulimchukua nusu saa.

Jumapili alikwenda kwa mama, akapiga magoti mbele ya kiti chake. "Mama, kosa halikuwa lako. Akili zako ni nzima. Ule ukurasa niliushona kwa nje tu, sikuugeuza. Jicho lako nimelipoteza mimi."

Mama akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Kidole kikashuka. "Hifadhi miadi," simu ikasema. "Rudi nyuma." "Futa yote."

"Kumbe nilikuwa nafuta," mama alisema. "Mara zote mbili."

"Ndiyo, mama."

Akarudi juu, akajaza jina, akachagua siku, akabonyeza cha kwanza. Simu ikamjibu kwamba miadi yake imehifadhiwa, Jumanne saa tatu asubuhi. Mama akatikisa kichwa polepole. "Kweli ni rahisi," alisema.

Kisha, bila kuuliza, akateremsha kidole hadi kitufe cha tatu.

"Hiyo nafasi ni ya mwenye jicho," alisema. "Tusimzibie."

Simu ikasema miadi imefutwa. Mwanafunzi akalia kwa sauti, na mama akapapasa hewani mpaka akaupata uso wake.