Kamera Mbili Mazikoni

Ndugu yangu mdogo yuko ng'ambo, na hati zake hazikumruhusu kuja kumzika mama. Aliomba kitu kimoja tu: auone uso wake kabla jeneza halijafungwa. Kazi hiyo nilipewa mimi, kwa sababu katika kuhamahama kwangu, Migori, Kegonga, Sindo, kila nilikopanga chumba niliishia kutengeneza kompyuta za watu.

Nyumbani ni nje kidogo ya Ndhiwa. Ilikuwa Ijumaa, na sisi ni Wasabato, kwa hiyo mama alipaswa kuwa ameshazikwa kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Nilifunga kamera kwenye nguzo ya hema, ikitazama jeneza, nikavuta waya hadi kwenye laptopu yangu kuukuu. Asubuhi nilipoijaribu, picha ilikuja safi.

Alasiri jenereta ilizimika. Betri ya laptopu ilikufa zamani, nayo ikazimika papo hapo. Tulipoiwasha tena, jeneza lilikuwa limefunuliwa na watu wameanza kupita kumuaga mama. Nikampigia ndugu yangu haraka, nikavaa spika za masikioni, nikainama kuuchunga mtandao. Dirisha la picha sikulifungua, lingeifanya mashine izidi kujikokota. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo aliokuwa akiuimba mama akipepeta wimbi, nami nikaufuata kwa midomo, bila sauti.

Nilimsikia ndugu yangu akilia.

"Nyamera," akaniita, dada yangu kwa Kijaluo. "Mama anapumua."

"Usiniambie hivyo."

"Haki ya Mungu! Midomo inacheza! Simamisha mazishi!"

Niliruka, kiti kikaanguka nyuma yangu. Waya wa masikioni ukachomoka, na sauti yake ikalipuka kwenye spika ya laptopu, mbele ya umati wote:

"Ameinuka! Mama ameinuka! Ametoka!"

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Akina mama walipiga mayowe, wengine wakakimbilia shambani, viatu wakaviacha. Mimi nilikimbilia jeneza, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa nimeamini. Mama alikuwa amelala vilevile, kitambaa cheupe kichwani, pamba puani. Nikamgusa shavu. Baridi yake iliniingia hadi kwenye bega.

Nikarudi mezani, nikafungua dirisha la picha. Niliona kitambaa cha hema na nafasi tupu. Nilipoinama, nafasi ile ikajaa uso wangu: macho chini, kitambaa cheupe kichwani. Watu walikuwa wakisema siku zote kwamba mimi na mama ni sura moja.

Laptopu ina kamera yake ndogo juu ya kioo. Mfumo huzipa kamera namba kwa jinsi zinavyowahi kuitika mashine inapowaka. Asubuhi, ile ya nguzoni iliwahi. Baada ya umeme kukatika, ile ya kioo ikatangulia, na kiungo nilichokiweka, jina fupi ambalo programu hulifuata, kikaelekea kwake.

"Huyu amewasha mitambo ya watu hadi mpakani," baba mdogo alifoka, "ya mamake ndiyo inamshinda!"

"Binti yangu," mchungaji akasema, "jua linatuacha."

"Dakika moja, mchungaji. Nakuomba."

Nilikifuta kiungo. Nikatafuta kwenye orodha jina refu la kamera ya nguzoni, lile linalotokana na namba iliyo ndani ya kifaa chenyewe na lisilobadilika hata mashine ikiwaka mara ngapi. Nikakiunda kiungo upya kwa jina hilo. Vidole vilikosea herufi mara kadhaa. Kisha mama akatokea, mzima kwenye fremu.

Nikaisogelea laptopu.

"Unamwona?" nikauliza.

"Yule wa kwanza alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi."

Baba mdogo na wenzake walikuwa wameshika kifuniko. Niliwainulia mkono wangoje, wakangoja, hata yeye.

"Nyamera," ndugu yangu akasema polepole, "hebu angalia tena. Una uhakika hii ndiyo kamera yenyewe?"

Niliangalia tena. Nilisoma lile jina refu, herufi moja moja, nami nikitamani kuona kosa.

"Ndiyo yenyewe," nikamwambia.

Nikamwacha amtazame. Kisha akasema, "Wafunge."