Samaki wapole wa maji ya chumvi

Samaki niliyeuziwa kama mpole kuliko wote leo kageuka mbabe.

Nyie mnaofuga, hii ni kawaida?

Nina tangi jipya la maji ya chumvi hapa Mpanda. (Najua bahari iko mbali. Mmeshanicheka vya kutosha.)

Leo nimeongeza samaki mgeni. Mpole wangu akamfukuza kila kona.

Mama, aliyekuja kunisalimia kutoka Kibaoni, akasema, "Hamisha mawe yote humo tangini, kila moja likae pengine. Miaka ya sabini walipotuhamishia kijiji cha ujamaa, wote tulikuwa wageni. Hakuna aliyeweza kusema hapa ni kwangu."

Nikahamisha mawe. Ugomvi ukaisha palepale.

"Umeona, mama? Wametulia."

"Hawajatulia, mwanangu. Wanatafuta kwao."