Beki na Mbegu za Maharage

Tangu aachane na mpira wa kulipwa akarudi Mbuba, beki hajui kusimama kama watu wengine. Ukimsalimia njiani hurudisha mikono nyuma ya mgongo na kukukabili ubavuubavu, kama mtu anayeogopa kusababisha penalti. Kanisani, akiona benchi limekaa upande, huwanyooshea waumini mkono wasogee, wawe mstari mmoja. Mkewe Generoza, ambaye hakuwahi kwenda kumwona akicheza na hudai hajui hata sheria moja ya mpira, amempa kazi moja tu msimu huu: kulinda mbegu za maharage zilizoanikwa uani, kuku wasizile.

Kazi hiyo anaifanya kwa moyo wote. Hamrushii kuku jiwe. Anamkaba, anamsindikiza pembeni, anambana kwenye ua. "Ukimfukuza atarudi," huwaambia majirani. "Mkabe mpaka akate tamaa."

Jana asubuhi tembe mwekundu wa jirani alisimama mbele yake, akajifanya anakwenda kushoto, kisha akapita katikati ya miguu yake, miguu ileile iliyosifiwa redioni miaka kumi na mitatu. Beki hakugeuka. Aliinua mkono juu, akatazama pembeni kumtafuta mshika kibendera.

Pembeni alikuwepo Generoza, anapeta. Alimtazama mumewe, akamtazama kuku aliyekwisha kuanza kudonoa. Akayamimina chini maharage yaliyokuwa kwenye ungo, akauinua ungo juu ya kichwa.

"Ameotea," alisema.