Kumbishia Mtu Mwenye Mvi

Mdogo wangu wa kike ana digrii ya sheria, na bado mama mkwe wangu aliuliza ni Kiingereza gani tena anakwenda kusomea. Nikamjibu: cha sheria, ngazi ya uzamili, kile ambacho neno moja likikaa vibaya kwenye mkataba mtu anapoteza shamba. Akasema mimi wa form four najuaje. Najua kwa sababu binti analala sebuleni kwangu, hapa Ngaramtoni, anasoma kwa sauti huku mwanangu akinyonya.

Kuandika hakumsumbui. Kilichomwangusha ni mtihani wa kuzungumza. Unasimama kama wakili, mtahini anakaa kama jaji, anakubana, unatetea hoja yako. Wake alikuwa mzee, mvi tupu. Sisi tumekulia Oldonyo Sambu; mtu wa rika lile unamwinamishia kichwa akiguse, ndiyo salamu, na akisema jambo unaitikia. Basi kila mzee aliposema hoja yako haina mashiko, binti akaitikia ndiyo, mheshimiwa. Muda unaisha, ameshakubali kwamba mteja wake ana makosa. Akapewa sapu, arudie baada ya likizo. Akifeli tena anafungasha.

Nilikasirika vibaya. Adabu yote ile tuliyolishwa, na hakuna aliyetufundisha kukataa.

Nikawa jaji mimi. Jioni nikishamwogesha mtoto nakaa kwenye kochi, kitenge begani, namwambia hoja yake ni uji wa jana. Kiingereza changu ni cha kuungaunga, lakini kubisha najua. Mwanzoni alicheka.

"Ukicheka unarudi kuchunga," nikamwambia. "Nikatae."

Akaangalia chini. Nikamwambia aangalie juu. Tukaenda hivyo mpaka jioni moja akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba kwa heshima na taadhima jaji amekosea, akaeleza kwa nini, akanimaliza. Mtoto alianza kulia katikati. Nikamwacha alie kidogo.

Siku ya kurudia nilikaa kwenye benchi la korido chuoni, mtoto mgongoni, mlango umeachwa nusu wazi. Mzee yuleyule akambana palepale. Nikasema moyoni, usiitikie, usiitikie wewe mtoto. Halafu nikasikia sauti yake, haijapanda wala kushuka: kwa heshima na taadhima, mheshimiwa, hapana. Mzee akaja kwa njia nyingine. Akamkatalia tena.

Matokeo yalipotoka, amefaulu, nikampigia baba. Alikuwa joshoni akiogesha ng'ombe.

"Amembishia mzee?"

"Amembishia, Baba."

"Mwenye mvi?"

"Kichwa kizima."

"Na mzee akafanyaje?"

"Akampa alama."

Baba akasema binti asithubutu kumletea yeye mambo hayo nyumbani. Lakini simu hakuikata, na nikamsikia akiwatangazia wenzake, sauti juu ya milio ya ng'ombe, kwamba binti yake amembwaga jaji kwa Kiingereza.

Yule mzee hakuwa jaji. Sikumsahihisha.