Kamera ya Mtu Kama Mimi

Natsue Kuwabara alipika chakula cha watoto kwa miaka thelathini na mmoja, katika shule ya msingi ya milimani mkoani Shimane, na mwaka ule shule yenyewe ilikuwa inafungwa. Alibaki mwanafunzi mmoja tu wa kuhitimu, binti aitwaye Kozue. Mpiga picha wa kijiji alikuwa amelazwa hospitali. Mwalimu mkuu alizoea kumwona Bi Kuwabara akipiga picha mchuzi wake wa kila siku kwa kikamera cha mfukoni, basi akamwomba yeye apige picha za mahafali. Tangu hapo mama wa watu hakupata usingizi.

Najua kwa sababu mimi ndiye niliyemuuzia kamera, na kosa la kwanza lilikuwa langu.

Alikuja dukani kwangu mwishoni mwa Februari, theluji ikiwa bado imeganda kwenye viatu vyake. Kabatini nilikuwa na kamera mbili za lenzi ya kubadilisha. Moja ya wanaoanza, nyepesi, inayojipangia kila kitu yenyewe. Nyingine ya wanaokaribia kuwa mafundi, nzito kama tofali, inayoona gizani, na yenye nafasi mbili za kadi ili moja ikiharibika nyingine ibaki na picha zote. Aliishika ile nzito kwa muda mrefu, kisha akairudisha haraka kama aliyekutwa akiiba.

"Kwa mtu kama mimi, hiyo ndogo inatosha," alisema.

Kwetu kila mtu husema hivyo. Anayekitaka kitu sana ndiye hukikataa kwanza, na kazi ya muuzaji ni kumbembeleza mara ya pili. Lakini siku hiyo nilikuwa na hasira zangu. Asubuhi nzima mstaafu mmoja alinichosha akitaka lenzi ndefu kama bunduki, kisa apige picha kunguru wa uani kwake. Sikumbembeleza mtu. Niliifunga ile ndogo nikampa.

Baada ya siku tisa akarudi na boksi la keki za maharage mekundu, maana mkono mtupu haulambwi. Aliliweka mezani kwa mikono miwili, akainama hadi nikaona kisogo chake. Nilidhani amefiwa.

Kumbe shuleni walikuwa wamefanya mazoezi ya mahafali, kama ilivyo ada: hatua ngapi, kusimama wapi, kumwinamia nani. Ukumbi ule una giza, mapazia hufungwa, na kupiga flashi ni marufuku. Alinionyesha alichopata. Kozue alikuwa ukungu uliovaa sketi, uso umejaa chenga. Rahisi inavunja upishi, na mpishi huyu nilimvunjia mimi.

"Kaka, jina lake litaitwa mara moja," alisema. "Moja tu. Nikikosa, ndiyo basi, shule haipo tena ya kumwita."

Akaniambia kwamba kila akilala huota anabonyeza kitufe na kamera iko kimya. Hofu ile ikanihamia mimi. Nilimwona mtoto yule akiwa mtu mzima asiye na picha, kwa sababu tu muuzaji fulani alikuwa amechoka. Niliitoa ile nzito, nikapokea ndogo. Nyongeza aliilipa palepale, wala hakukubali nimpunguzie.

"Nzito hii. Ikinitetemekea je?"

"Dada, masufuria ya wali miaka yote hiyo alikuwa anakuinulia nani?"

Hakucheka. Nilimfundisha kubana viwiko mbavuni na kuzuia pumzi kidogo. Kadi zote mbili nilizitia mwenyewe, nikazijaribu, nikazijaribu tena.

Siku ya mahafali sikuuza chochote cha maana. Saa nne, saa ambayo jina lingeitwa, nilijikuta nimesimama katikati ya duka.

Alasiri akaingia na kamera imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Hakuwa amethubutu kuziangalia picha. Nilipotia kadi kwenye kompyuta, alinigeuzia mgongo akatazama ukuta.

"Ipo?" aliuliza.

Kozue alikuwa amenyoosha mikono kupokea cheti. Hata kope zake zingehesabika.

"Ipo."

Akageuka, akaitazama, kisha akakaa sakafuni, mama mzima.

Picha iliyofuata ilikuwa ya mbao za sakafu, mstari wa uwanja wa mpira uliochorwa humo ukumbini, na ncha za ndara za Bi Kuwabara mwenyewe. Nilidhani kamera imeanguka. Hapana, alisema. Kozue alipangiwa kuwainamia walimu, kisha wageni, basi. Akawainamia wote, halafu akageuka kuelekea ukutani alikosimama mpishi, akamwinamia na yeye, chini kabisa. Kwenye mazoezi hilo halikuwapo.

"Na wewe?"

"Nikainama. Ningefanyaje? Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe."

Nilimuuliza kama niifute. Aliinuka, akasogea kwenye kioo cha kompyuta, akaitazama zaidi ya alivyoitazama ile ya cheti.

"Iache," alisema. "Ng'ambo ya hiyo sakafu yupo Kozue, naye ameinama."