Kitabu cha Kodi Kilichonywewa

Wengine hukusanya stempu. Jirani yetu wa Port Reitz, Bwana Faki, mchukuzi wa mizigo uwanja wa ndege, alikusanya vitabu vya sera za serikali na uchumi: bajeti, kodi, bei ya mahindi, mambo ya kumpa mtu usingizi. Tena si kitabu chochote. Lazima kiwe chapa ya kwanza, na mtungaji awe amemwandikia maneno kwa mkono wake. Wasomi waliposhuka kuja mikutanoni, Faki aliwabebea mabegi, akakataa bakshishi, akawatolea kitabu chao na kalamu.

Kipenzi chake kilikuwa kitabu cha kodi cha Profesa Mwinyihaji, mzee wa Lamu. Huyo alimjazia ukurasa mzima kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa rangi ya zafarani: "Kwa Faki, ndugu yangu asiyechoka kuuliza." Kisha profesa akafariki. Tangu hapo Faki alikifunga kitabu kwa kitambaa cheupe, na hakigusi mpaka anawe mikono.

Mwaka wa tisini na tatu mama wa mkewe, Bi Mwanasaumu, akaja kukaa nao, goti limemvimba, anatembelea bakora. Kusoma macho yalishamkatalia, lakini kitambaa alikiona, kunawa alikuona, na zafarani ile pia. Hakuwa na shaka: hilo ni kombe, aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Kumbe mkwe mchoyo, akajisemea, dawa anayo na mimi nachechemea! Faki alipokwenda kazini, bibi akauosha ukurasa bakulini, akanywa wote.

Jioni Faki akakuta karatasi tupu. Alilia, mtu mzima yule, nami nilimhurumia kwa dhati. Lakini mkwe hafokewi.

"Shikamoo, mama. Maandishi yangu yamekwenda wapi?"

"Marahaba, baba. Yamo tumboni. Machungu hayo, wallahi! Lakini hebu nitazame."

Akainuka, akaenda mpaka mlangoni na kurudi bila bakora.

Faki akaangua kicheko, machozi bado yanamtoka. "Miaka yote hii twanyweshwa dawa za uchumi," akasema, "leo ndiyo kwanza nimwone aliyepona."

Siku ya pili aliandika kwa penseli kwenye ukurasa ule: "Maneno ya hapa yamemwinua mama." Wageni huonyeshwa huo kwanza. Vitabu vingine amevitia kufuli, maana Bi Mwanasaumu ameanza kulalamikia mgongo.